Kurudi kwenye fluti baada ya miaka mingi: ninunue ipi?

Mpulizaji wa Walukuba

Ndugu wapendwa, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo huku Jinja sina mtu wa karibu wa kumwuliza. Nilijifunza fluti nikiwa sekondari, katika bendi ya shule, nikaendelea nayo hadi nilipomaliza Senior Six. Baada ya hapo masomo ya uhasibu, kazi na malezi viliiweka kando, na kwa miaka mingi ilikaa kabatini bila kufunguliwa. Mwaka jana mwongozaji wa kwaya ya kanisa letu alianzisha kikundi kidogo cha ala chenye kinanda, vayolini mbili na tarumbeta, akaniomba nijiunge nao. Tangu wakati huo napuliza karibu kila jioni nikitoka kazini, na sina nia ya kuiacha tena.

Fluti niliyo nayo ni ile ile ya zamani, modeli ya wanafunzi, iliyochovywa fedha ambayo sasa imechubuka pale kidevu na vidole vinapogusa. Noti za kati zinatoka vizuri. Shida iko kwenye ncha zote mbili: D na C za chini hutoka kwa kubahatisha, pengine zikaruka oktava nzima, na E ya oktava ya tatu hukatika, hasa ninapoifikia kwa kuunganisha kutoka A. Isitoshe, sauti yangu ina upepo mwingi unaosikika kando ya noti, kiasi kwamba mpiga kinanda wetu aliniuliza, bila ubaya wowote, kama nina mafua.

Nimetenga shilingi milioni 5, na fungu hilo halitaongezeka karibuni kwa kuwa karo za watoto zinanisubiri. Hadi sasa nimepata njia tatu. Ya kwanza ni Yamaha YFL-312 iliyokwisha kutumika, ambayo mdogo wangu anayeishi Uingereza ameiona dukani. Kichwa chake, yaani kipande cha kupulizia, ni cha fedha halisi na vifuniko vyake vimezibwa, na kwa bei yake ningebakiwa na akiba. Ya pili ni fluti mpya iliyoko katika duka moja la Kampala, yenye matundu katikati ya vifuniko, mguu (kipande cha mwisho) mrefu unaofika noti ya B, na bamba la mdomo la rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ya tatu inauzwa na mgeni anayerejea kwao: ni ya Marekani, ya miaka ya 1960, yote ya fedha kuanzia kichwa hadi mguu, na ingemaliza fungu langu lote.

Je, fedha ina tofauti kubwa kiasi hicho? Matundu katika vifuniko yananifaa mtu kama mimi, ambaye sitapuliza zaidi ya nyimbo za kanisani na vipande vichache vya kujifurahisha? Na swali linalonisumbua zaidi: nitajuaje kama tatizo ni fluti au ni mimi mwenyewe?

Mwalimu wa Ntinda

Dada, hongera kwa kurudi. Mimi hufundisha fluti hapa Kampala, na wengi wa wanafunzi wangu watu wazima wako katika hali yako: waliacha wakiwa vijana, wamerudi na midomo iliyosahau na ala zilizolala. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake laweza kukuokolea pesa zote hizo.

Mtafute mtu ambaye hajawahi kuacha kupuliza, umpe fluti yako aitoe C ya chini kwa sauti ndogo, kisha aishikilie. Ikimtokea mara moja, ala yako ni nzima, na kazi iliyobaki ni yako wewe, kioo chako na noti ndefu za kila siku. Yeye naye akihangaika, au ukiona anabana vidole kwa nguvu ili noti ikubali, basi pedi, zile zinazoziba matundu chini ya vifuniko, zinavuja, na hapo hata bingwa hafui dafu. Noti za chini ndizo zinazofichua uvujaji kwa sababu zinahitaji karibu kila tundu la fluti liwe limezibwa sawasawa. Tundu moja likipitisha hewa juu, kila noti iliyo chini yake inadhoofika. Upepo unaosikika kando ya noti nao una vyanzo viwili, uvujaji au midomo iliyofunguka kupita kiasi, na wewe peke yako huwezi kuvitenganisha kwa kujisikiliza.

Kuhusu fedha, nitasema jambo ambalo wauzaji hawalipendi. Mwaka 1971 mwanafizikia wa Marekani, John Coltman, alichapisha jaribio alilolifanya kwa fluti tatu zisizo na vibonyezo, zenye vipimo vya ndani vilivyo sawa na vichwa vya plastiki vya aina moja. Mwili wa moja ulikuwa wa fedha, wa pili wa shaba, na wa tatu wa mti mgumu. Wasikilizaji ambao hawakuziona hawakuweza kuzitofautisha, na hata wapulizaji wenyewe, walipozuiwa kutambua waliyoishika, walishindwa. Kinachosikika ni umbo. Tangu Theobald Boehm wa Munich alipoipa fluti mwili wa bomba lililonyooka na kichwa kinachosinyaa kuelekea kwenye kizibo kilicho mwishoni mwake, mwaka 1847, mpango huo haujabadilika sana, na sehemu yenye uamuzi mkubwa ni sentimita chache zilizo chini ya mdomo wako: jinsi kingo za tundu la kupulizia zilivyochongwa, kimo cha ukuta ulio kati ya bamba na bomba, na mwinamo wa kingo hizo kwa ndani. Kichwa cha fedha huelekea kuwa bora kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba mtengenezaji anayetumia madini ya ghali huweka pia mkono wenye uangalifu zaidi katika kuchonga. Kwa hiyo kichwa kizuri kilichounganishwa na mwili wa aloi ya shaba, nikeli na zinki, kama ilivyo YFL-312, ni mgawanyo wa busara wa pesa za mtu asiye na nyingi: umelipia pale panaposikika.

Kwa sababu hiyo hiyo sivutiwi sana na fluti yako ya tatu, ingawa fedha yake inameta. Fluti nyingi za zamani zilipangiwa matundu kwa kiwango cha sauti kilichokuwa chini kuliko A ya 440 (mitetemo kwa sekunde) tunayoitumia leo, kisha viwanda vikafupisha kichwa ili ziweze kukifikia kiwango kipya bila kuyahamisha matundu yenyewe. Matokeo yake ni kwamba noti za mkono wa kushoto, hasa C shapu, hupanda, na zile za mguuni hushuka. Ni kazi ya Albert Cooper wa London iliyowafanya watengenezaji wengine, kuanzia miaka ya 1970, wayapange upya matundu hayo. Mpulizaji mahiri huisahihisha fluti ya namna hiyo kwa midomo bila hata kufikiri, lakini wewe unapuliza na kinanda, na kinanda hakina huruma. Ukiweza kuijaribu pamoja na programu ya kupimia sauti katika simu, ijaribu. Kama mwenyewe hataki ijaribiwe, mtakie safari njema.

Matundu katikati ya vifuniko yana wapenzi wake, na baadhi ya muziki wa karne ya 20 unayahitaji kwa ajili ya kuteleza kati ya noti. Kwa nyimbo za kanisani hayana faida utakayoisikia, na yana gharama: kila kidole kinalazimika kuziba tundu lake barabara, jambo ambalo mkono uliokaa miaka bila mazoezi hulipata kwa shida. Yako matano, na yanaweza kuzibwa kwa vizibo vidogo vya silikoni, kwa hiyo yasikutishe ikiwa sehemu nyingine zote za fluti ni nzuri. Mguu wa B ndio ungenifanya nisite zaidi. Unaongeza nusu toni moja chini ambayo kwaya yako haitaiomba kamwe, na unaongeza urefu na uzito upande wa kulia, ambao begani utausikia kabla ibada haijaisha.

Hilo la E kukatika ni kasoro ya fluti zote, wala si yako wala ya ala yako peke yake. Katika mpango wa Boehm, E ya oktava ya tatu huacha wazi matundu mawili ya G pale ambapo lingetosha moja, ndiyo maana inayumba. YFL-312 ina kifaa cha E kinacholifunga tundu la chini kati ya hayo mawili, na tofauti yake utaiona siku ya kwanza. Wakati unasubiri, inua kidole kidogo cha mkono wa kulia unapopuliza E hiyo. Itashuka kidogo, lakini itakaa.

Afande Mstaafu

Mwanangu wa Walukuba, nimemsoma mwalimu na sina la kumpinga, isipokuwa naona amewahi mno kufika dukani. Mimi nimestaafu kutoka bendi ya polisi. Nilianza na pikolo, nikahamia fluti, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu ndimi niliyekabidhiwa ala za mbao na fluti za kikosi, kuzifuta, kuzibadilishia pedi na kuzirudisha kwenye gwaride. Fluti iliyolala kabatini miaka mingi pembeni mwa ziwa haiwezi kuhukumiwa kabla haijakaguliwa.

Pedi za fluti kwa kawaida ni kitambaa kizito cha sufu kilichofunikwa na utando mwembamba sana wa utumbo wa mnyama. Utando huo ukilowa huvimba, ukikauka hukaza, na baada ya misimu mingi ya mvua hupasuka pembezoni, mahali ambapo jicho halipaoni. Kwa hiyo fanya hivi. Nunua karatasi za kusokotea sigara, ukate ukanda mwembamba kama nusu sentimita, ukiondoa ile sehemu yenye gundi. Ingiza ncha yake kati ya pedi na ukingo wa tundu, funga kifuniko kwa uzito ule ule unaoutumia unapopuliza, kisha uvute polepole. Karatasi inapaswa kukataa kidogo kabla ya kutoka. Izungushe pedi nzima, mbele, nyuma na pande zote mbili. Ikishikwa huku na kuteleza kule, pale inapoteleza ndipo pumzi yako inapopotelea. Anza na pedi ambazo hukaa zimefungwa kwa springi, yaani ya G shapu, mbili ndogo za trili (kupokezana noti mbili kwa haraka), na ya D shapu, kwa sababu hizo hazitazamwi na mtu, na springi iliyochoka huziachia bila kutoa dalili.

Kisha kibonyeze kifuniko cha F kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ukitazama kwa upande kwenye mwanga. Lazima kishuke pamoja na kifuniko cha F shapu na kile cha B flati, vyote vitatu vikigusa kwa wakati mmoja. Kimoja kikitangulia kinawazuia wenzake wasifunge, na D yako ya chini ndiyo inayolipa deni hilo. Modeli nyingi za wanafunzi zina skrubu ndogo za kurekebisha jambo hili, na robo ya mzunguko yatosha. Lakini kama hujawahi kuzigusa, mwachie anayejua.

Hapo ndipo lilipo jambo langu kubwa kuhusu ununuzi. Mafundi wa fluti katika nchi hii ni wachache, na wengi wetu tumejifunza kazi kwenye ala za bendi. Fluti za daraja la juu mara nyingi hazina skrubu hizo. Hurekebishwa kwa vipande vya karatasi vinavyowekwa chini ya pedi, kwa unene wa sehemu ndogo mno za milimita, na fundi asiyezizoea ataziharibu huku akiwa na nia njema. Usinunue ala ambayo hakuna mtu kati ya Jinja na Kampala anayeweza kuifungua. Yamaha ya daraja la 300 inafunguka na kurudi, vipuri vyake vinapatikana, na hata mimi, kwa macho haya ya uzee, bado naimudu.

Na baada ya kila mara unapopuliza, kausha ndani kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa kwenye ufito, kabla fluti haijaingia kisandukuni. Kitambaa hicho kilicholowa usikifungie humo pamoja nayo. Pedi ikinata, bana karatasi ile ile ya sigara chini yake kwa muda, uitoe bila kuivuta kwa nguvu. Usitie poda, hata kama umeona mwingine akifanya hivyo.

Kijana wa Mbale

Nawaheshimu wakubwa waliotangulia, lakini naona fluti ya pili imehukumiwa bila kusikilizwa. Mimi ninapuliza fluti mpya ya bei nafuu ya kutoka China, niliyoinunua Kampala, na sijajuta. Faida ya dukani ni kwamba unaingia, unaomba wakuletee zote za modeli hiyo walizo nazo, na unazijaribu moja baada ya nyingine. Hazilingani hata kidogo. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa na G isiyofunga, ya pili kichwa chake kililegea, lakini niliyoichukua ilifunga vizuri na C yake ya chini ilitoka bila kubembelezwa. Fluti ya Uingereza dada ataijaribu lini? Itakapofika, pesa zikiwa zimekwisha kwenda.

Afande Mstaafu

Kijana, umesema kweli kuhusu kujaribu nyingi na kuchagua, na hilo la kununua bila kupuliza nami linanisumbua. Ninachokijua kuhusu fluti hizo ni kile ninachokiona zinapoletwa kwangu baadaye: chuma cha vibonyezo ni laini, kikipinda hakirudi sawasawa, na vichwa vya skrubu huliwa na bisibisi mara ya kwanza tu inapoguswa. Yako ikiwa ni nzima, ihifadhi vizuri. Sitaki kuivunjia heshima ala inayokuhudumia.

Mfanyabiashara wa Busia

Niongeze neno moja kwa atakayeagiza kutoka nje. Bei ya duka la Uingereza siyo bei ya kufikia Jinja. Ikija kama kifurushi, juu yake kuna nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo fanya hesabu yote kabla ya kulipa. Ikiletwa na msafiri, aiweke kwenye mzigo wa mkononi, kwani kisanduku cha fluti ni kidogo na mzigo wa chini hutupwa, na awe na risiti yake mfukoni ili akiulizwa Entebbe atangaze thamani ya kweli. Anayekushauri upunguze bei kwenye karatasi hatakuwepo siku mzigo utakapozuiwa.

Mpulizaji wa Walukuba

Asanteni sana wote, na shikamoo Afande. Nilikwenda kununua zile karatasi za sigara, na mwenye duka, ambaye tunasali naye kanisa moja, alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kunipa chenji.

Nimefanya kama ulivyoelekeza. Pedi ya G shapu inashika mbele lakini nyuma karatasi inatoka yenyewe, na ya trili moja haishiki upande wowote. Kifuniko cha F shapu kinawahi kugusa kabla ya kile cha F, kwa hiyo naona hata mimi kwamba kinazuia. Nimegundua pia jambo ambalo hamkulitaja: ufito wa kusafishia una alama ya mstari, na nikiuingiza kichwani mpaka ugote kwenye kizibo, mstari huo hautokei katikati ya tundu la kupulizia, bali umesogea kuelekea upande wa kizibo kwa milimita kadhaa. Kizibo chenyewe kinazunguka kwa urahisi ninapogusa kifuniko kilicho mwishoni mwa kichwa.

Sasa najiuliza. Ikiwa haya yote yanatengenezeka, je, bado nina haja ya kununua fluti nyingine, au nimekuwa nikiililia ala mpya kwa sababu ya pedi mbili?

Afande Mstaafu

Mstari huo ulipaswa kutokea katikati kabisa. Umbali wa kizibo kutoka katikati ya tundu ni takriban milimita 17. Kizibo chako kimekauka na kusinyaa, ndiyo maana kinatembea. Kikikaa mahali pasipo pake, oktava haziafikiani: unaweza kuilinganisha A ya chini na kinanda na bado A ya juu ikakataa. Ziba ncha iliyo wazi ya kichwa kwa kiganja, weka midomo kwenye tundu la kupulizia ufyonze hewa. Kichwa kizima kitakuganda mdomoni kwa sekunde kadhaa. Kikiachia mara moja, kizibo kinavuja. Usikipake gundi. Kubadilisha kizibo, pedi mbili na kurekebisha F ni kazi ya asubuhi moja. Panda taksi uje Kampala siku isiyo ya mvua, na usiifunge fluti kwa mipira ya kuvutika njiani ati pedi zikae; mipira huzikunja.

Mwalimu wa Ntinda

Dada, itengeneze kwanza hiyo ya zamani, kisha uipulize kwa muda wa muhula mmoja hivi. Siyo kwa kubana matumizi tu. Mdomo unaorudi hubadilika haraka katika miezi ya mwanzo, na kichwa kinachokupendeza leo, wakati midomo bado imefunguka, chaweza kukubana utakapokuwa umejipata. Zaidi ya hayo, ukishaizoea fluti inayofunga vizuri utakuwa na kipimo mikononi mwako, na hutadanganyika na sauti kubwa ya dakika tano za kwanza dukani.

Hata hivyo sikushauri uufute mpango wa YFL-312. Fluti yako ikishatengenezwa itakupa D na C, lakini haitakuwa na kifaa cha E, wala kichwa chake hakitakufikisha mbali zaidi ya pale ulipo. Nimewaona wanafunzi wanaofika mahali ambapo wanataka kupuliza kwa sauti ndogo juu na kubwa chini, na kichwa cha kiwandani cha modeli ya wanafunzi hakiwapi vyote viwili. Hapo ndipo pesa za fluti bora zinapoanza kufanya kazi. Kama mdogo wako anaweza kuliomba duka limwekee, au kama itauzwa na nyingine ikatokea baadaye, hakuna hasara. Modeli hiyo ni ya kawaida sokoni.

Hoja ya kijana wa Mbale kuhusu kununua bila kujaribu ni nzito, na nina njia ya kuipunguzia makali. Maduka mengi ya fluti ya Uingereza humruhusu mteja aichukue ala kwa siku kadhaa kabla ya kuamua. Mdogo wako amtafute mwanafunzi wa fluti katika chuo kilicho karibu naye, amlipe kidogo, na arekodi kwa simu mambo machache tu: C ya chini kwa sauti ndogo sana, A ya pili ikiunganishwa na E ya tatu, mara kadhaa mfululizo, na ngazi ya D kutoka chini hadi juu, programu ya kupimia sauti ikionekana. Fluti nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa A ya 442, kwa hiyo kichwa kitavutwa nje milimita chache ili kifike 440, na hilo lisimtie wasiwasi. Atazame kama kichwa kinaingia mwilini kwa kukaza bila kulazimishwa, kama bamba la mdomo halina mbonyeo, na kama bomba la kichwa ni la mviringo kamili. Aulize pedi zilibadilishwa lini, apige picha namba ya ala, na ailinganishe na modeli iliyoandikwa, kwa kuwa nakala za bandia za chapa kubwa zipo.

Katika ile milioni 5, usiguse laki tano hivi za mwisho. Hata fluti iliyotoka kwa fundi wa Uingereza wiki iliyopita, pedi zake zitakaa upya zikikutana na unyevu wa huku, na itahitaji kupitiwa na Afande baada ya mwezi au miwili. Ile ya mguu wa B iache palepale dukani, na yule mgeni mwenye fluti ya miaka ya 1960, kama bado hajasafiri, mwulize tu kama atakuruhusu upulize C shapu ya kati huku ukiitazama simu.